Umri wa Kazi si Kazi

Hesabu ni mtumishi mwaminifu, lakini hutumwa na kila bwana. Mwenye kutaka kweli humtuma akalete kweli. Mwenye kutaka sifa humtuma akalete sifa. Naye mtumishi huenda kote kuwili na kurudi na alichotumwa. Katika insha hii nataka kupinga sifa moja iliyoletwa kwetu na mtumishi huyu. Sifa yenyewe ni kwamba Kenya ni nchi tajiri kwa sababu ina vijana wengi, na kwamba kadiri sehemu ya watu wenye umri wa kufanya kazi inavyokua, ndivyo neema itakavyokuja yenyewe, kama masika yafuatavyo kiangazi. Sifa hii husemwa majukwaani, huandikwa magazetini, na hurudiwa na sisi walimu mbele ya ubao. Mimi mwenyewe nimepata kuirudia. Leo naikataa, nami nitatoa sababu zangu moja moja, ili msomaji azipime.

Kwanza tuitendee haki hoja tunayoipinga, maana apingaye neno asilolijua hupigana na kivuli. Wenye elimu ya idadi ya watu huligawa taifa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni watoto, tangu kuzaliwa hata miaka 14. Fungu la tatu ni wazee, kuanzia miaka 65. Kati yao wamesimama wenye umri wa kazi, wa miaka 15 hata 64, na kwa kawaida ya ulimwengu hao ndio wawabebao wenzao wa pande mbili, mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Nchi ambayo fungu lake la kati ni dogo ina mizigo mingi na mabega machache. Nchi ambayo fungu hilo ni kubwa ina mabega mengi na mizigo michache.

Kenya imepita katika hali ya kwanza, nayo inaingia katika hali ya pili. Mwaka 1967 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi wa majira, nao ulikuwa wa kwanza wa namna yake katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa miaka kumi baadaye, mwaka 1977 na 1978, ulionyesha kuwa mama wa Kenya kwa wastani alizaa watoto wanane. Katika sensa ya mwaka 1979, watu 48 katika kila 100 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 15. Wenye umri wa kazi hawakufika hata nusu ya taifa. Tangu hapo mambo yamebadilika. Wastani wa uzazi ulishuka hata ukafika kati ya tatu na nne mwaka 2022. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Katika kila 100, watoto walikuwa kama 39, wazee 4, na wenye umri wa kazi 57. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanaonyesha kuwa fungu hili la kati litaendelea kupanda kwa miongo kadhaa.

Faida yake si ngumu kufahamika. Chukua nyumba mbili. Katika kila moja baba na mama wanafanya kazi, na mapato yao ni sawa. Nyumba ya kwanza ina watoto wanane, ya pili ina watatu. Nyumba ya kwanza hula yote iliyochuma, na mwisho wa mwezi hukopa. Nyumba ya pili hula, ikasaza; na kile kilichosazwa huwa karo, huwa ng'ombe, huwa cherehani, huwa jiwe la msingi. Taifa ni nyumba ya nyumba. Likiwa na mabega mengi kuliko mizigo, husaza. Na likijua kutumia lilichosaza, hutajirika. Mpaka hapa sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu unaanzia katika neno moja, nalo ni neno "kazi" katika msemo "umri wa kazi". Katika mfano wangu nilisema baba na mama wanafanya kazi. Sikusema wana umri wa kufanya kazi. Hayo ni mambo mawili, na aliyeyachanganya ametupoteza njia.

Nitaeleza kwa kisa kilichonipata. Mwezi Agosti mwaka 2019, wakati wa sensa, nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miaka minne nyuma. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na nambari ya usajili, na nilikuwa na nakala nyingi za barua za kuomba kazi. Kazi yenyewe sikuwa nayo. Mchana na jioni nilikuwa nikigeuza nyama juu ya makaa katika kibanda cha mjomba wangu hapa Kamakis, kando ya barabara ya Eastern Bypass. Karani wa sensa alipofika nyumbani kwetu na kishikwambi chake, niliinua macho nikamtambua. Tulisoma naye chuo kimoja, yeye akiwa mwanafunzi wa historia na Kiswahili. Naye hakuwa na darasa. Alikuwa amepata kibarua cha siku chache cha kuhesabu watu. Aliniuliza umri wangu, akauandika. Aliniuliza nilikuwa nikifanya nini hasa katika siku saba zilizotangulia usiku wa sensa, nikamwambia. Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mwalimu asiye na darasa alimhesabu mwalimu asiye na darasa, na taifa likaandika kuwa limepata watu wawili wenye umri wa kazi.

Sidharau jiko la nyama. Mkono unaogeuza nyama kwa halali ni bora kuliko mkono uliofungwa kwa kiburi, na makaa yale ndiyo yaliyonilisha. Nasema tu kwamba taifa lilitumia miaka mingi na fedha nyingi kunifundisha kufundisha, kisha likaniacha nigeuze nyama, na bado katika hesabu zake likanitaja miongoni mwa hazina zake. Baadaye mimi nilipata darasa. Mwenzangu hakupata. Alikwenda nchi za Ghuba, na leo analinda lango la ghala la watu wengine.

Msomaji asidhani kisa hiki ni cha watu wawili. Na aje Kamakis ajionee. Katika sensa ya mwaka 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858. Miaka kumi baadaye ulikuwa na watu 490,120. Idadi iliyozidi mara mbili kwa miaka kumi haikuzaliwa yote hapa. Sehemu kubwa ilishuka kutoka kwenye matatu na mizigo yake, nao washukao hivyo si watoto wala si wazee: ni hao hao wenye umri wa kazi. Kwa hiyo lile fungu la kati ambalo kwingine ni tarakimu katika kitabu, hapa lina nyuso na sauti. Liko juu ya pikipiki kwenye kituo cha bodaboda, likigombea abiria mmoja vijana kumi. Liko mbele ya vibanda vya nyama, likipunga vitambaa na kuyasimamisha magari. Linapangusa vumbi katika yadi za magari yasiyonunuliwa. Linasimama alfajiri mbele ya mijengo likingoja mnyapara aseme, "Wewe, na wewe; wengine mje kesho."

Angalia na ardhi yenyewe. Ruiru ni nchi ya kahawa. Hata ipo aina ya mbuni iliyopewa jina la mji huu, Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima katika miaka ya 1980 na kituo cha utafiti wa kahawa kilicho hapa hapa. Mashamba mengi ya kahawa sasa yameota nyumba za ghorofa. Sisemi kwamba kahawa ilikuwa pepo. Wazee wetu waliichuma kwa ujira mdogo katika mashamba ya wageni, na hakuna atakayetamani kurudi huko. Lakini pima jambo hili. Nyumba ya ghorofa huajiri mafundi na vibarua kwa mwaka mmoja au miwili. Ikiisha, huajiri bawabu mmoja kwa miaka hamsini. Mwenye fedha hukusanya kodi, na kodi ile hulipwa na vijana ambao nyumba ile haikuwapa kazi. Hivi ndivyo akiba ya nchi inavyoweza kugeuka jiwe badala ya kugeuka kazi. Nyumba tunazihitaji, lakini nchi isiyojenga ila nyumba itakuwa na mahali pa kulala kwa watu wasio na mahali pa kuamkia.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana ndiyo iliyotuletea sifa, nayo na ituletee kweli. Watu 57 wanawabeba 43. Kwa makadirio mepesi, watu wanne wanawabeba watatu. Ni mzigo mwepesi, na wasifuji hukomea hapo. Lakini tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika wale wanne ni wawili tu wenye pato la kutegemewa. Wale wawili wengine hawapotei; nao hula, huvaa, huugua. Basi wawili sasa wanawabeba watano. Kila bega lina watu wawili na nusu. Mzigo haukupungua, umebadilisha sura tu. Zamani mtegemezi alikuwa mtoto wa miaka mitano aliyeshika upindo wa nguo ya mama. Leo mtegemezi ana ndevu na cheti, amekaa sebuleni kwa dada yake, naye anaona haya kuomba nauli.

Mtu ataniuliza: je, mwaka 1979 wote wenye umri wa kazi walikuwa na kazi? La, hawakuwa nayo wote. Sidai kwamba zamani ilikuwa bora. Nadai kwamba tumepewa nafasi ambayo wazee wetu hawakuwa nayo, na nafasi haihesabiwi kuwa mali mpaka imetumika. Mvua ni nafasi. Ikinyesha juu ya shamba lililolimwa ni chakula. Ikinyesha juu ya jabali ni mafuriko. Mwenye jabali akijisifu kwa wingi wa mvua, majirani watamcheka.

Wapo wengine wasemao, "Kazi zipo; vijana hawa ni wavivu, wanataka kazi za viti na kivuli." Hao nawajibu kwa ukali kidogo, maana wanamtukana aliyeangushwa. Mvivu haamki saa kumi za usiku akatembea kwa miguu kutoka mtaani kwake hadi mjengoni bila hakika ya kuchaguliwa. Mvivu hapandi pikipiki ya mkopo katika mvua ya Aprili. Taarifa ya Uchumi ya serikali yenyewe inasema kwamba mwaka 2024 zilipatikana nchini ajira mpya 782,300, na kwamba 703,700 katika hizo zilikuwa za jua kali: kazi ambazo kwa kawaida hazina mkataba, wala likizo ya ugonjwa, wala pensheni. Katika kila kazi kumi mpya, tisa ni za namna hiyo. Basi vijana hawakukataa kazi. Wamezishika hata zile zisizowashika wao. Mwezi Juni mwaka 2024, walipojaa barabarani kuupinga mswada wa fedha, wakubwa wengi walistaajabu wakauliza wametoka wapi. Walitoka katika lile fungu la kati ambalo kila mwaka lilikuwa likisifiwa.

Wapo pia watajao Korea ya Kusini, nao wana haki ya kuitaja. Mwaka 1960 mama wa Korea alizaa watoto kama sita. Uzazi ukashuka upesi, fungu la kati likapanda hata likapita watu 70 katika kila 100, na nchi iliyokuwa maskini ikawa miongoni mwa nchi tajiri za dunia. Wasifuji wetu husema, "Mnaona? Vijana wengi, utajiri mwingi." Lakini wameruka ukurasa wa katikati. Korea iligawa ardhi kwa wakulima wake, mambo yaliyoshika nguvu mwaka 1950. Iliwaingiza watoto wake katika shule za msingi kabla fungu la kati halijafura. Kisha ikajenga viwanda vya nguo, viatu, chuma na meli, vikawapokea vijana, wake kwa waume, kwa maelfu na malaki. Wingi wa vijana ulikuwa upepo. Korea ilikuwa imekwisha kushona tanga. Mwenye chombo kisicho na tanga, upepo ukimjia hupata mawimbi tu.

Tena Korea ina somo la pili, ambalo nakuomba msomaji ulitie moyoni. Upepo ule umekwisha kugeuka. Mwaka 2023 wastani wa uzazi wa Korea haukufika hata mtoto mmoja kwa mama, na mwishoni mwa mwaka 2024 mtu mmoja katika kila watano alikuwa ametimiza miaka 65. Fungu la kati lililojaa jana linahamia fungu la wazee leo, na nyuma yake wanakuja wachache. Ndiyo sheria ya jambo hili: fungu kubwa la wenye umri wa kazi leo ni fungu kubwa la wazee kesho. Korea inazeeka ikiwa imetajirika. Je, sisi? Kijana aliye na miaka 20 leo katika kituo cha bodaboda Kamakis atatimiza 65 katika miaka 45 ijayo. Kama hakuweka akiba, kwa kuwa hakuwa na cha kuweka, atakula nini? Serikali huwapa wazee wahitaji wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Mzigo huo ni mzito hata leo ambapo wazee ni wanne katika mia. Utakuwaje watakapokuwa kumi na tano? Maji yakimwagika hayazoleki, na umri ni maji.

Basi nataka nini? Siombi kwamba vijana wapungue, wala siombi tuone haya kwa kuwa wengi. Nataka tuache kuhesabu umri na kuuita utajiri. Akiba ya nchi na iingie katika kazi zizaazo kazi: viwanda vya kusindika kahawa, maziwa na parachichi karibu na yanapotoka, karakana, umwagiliaji, reli. Vyuo vya ufundi viwe na vyombo vya ufundi, si majengo yenye rangi mpya tu. Msichana aachwe amalize masomo, maana nusu ya lile fungu la kati ni wanawake, na nchi imfungiayo mwanamke nje ya kazi imejikata mkono mmoja kisha inalalamika kuwa mzigo ni mzito. Na walio katika jua kali wawekewe njia nyepesi ya kuweka akiba ya uzee, kidogo kidogo, kwa kadiri ya pato lao.

La karibu kuliko yote ni hili nilionalo kila asubuhi. Darasani mwangu wanafunzi wamebanana, watatu katika dawati la wawili, na daftari zao nasahihisha mpaka usiku wa manane. Nje ya lango, katika mji huu huu, wapo walimu waliohitimu ambao hawana darasa. Shule zinalilia walimu, walimu wanalilia shule, na kati yao pana ukuta ambao haukujengwa na Mungu. Taifa lishindwalo kumkutanisha mwalimu na mwanafunzi walio mtaa mmoja halina haki ya kujisifu kwa wingi wa mmoja wala wa mwingine.

Nanyi wanafunzi wangu, mnaosoma insha hii mkiwa na miaka 15, 16 au 17: mmekwisha kuingia katika fungu la kati, ijapokuwa bado mmevaa sare. Katika vitabu vya serikali ninyi si watoto tena, ni mabega. Sensa nyingine itakapofika, karani ataandika umri wenu, nanyi mtaongezwa katika sifa ya taifa. Siku hiyo, na kila siku mtakaposikia kiongozi, au mwalimu, au mimi mwenyewe, akisema kwamba ninyi ni hazina ya nchi, mwulizeni kwa adabu maswali mawili. Hazina hiyo imewekwa wapi? Na ufunguo anao nani? Akiweza kujibu, mfuateni na kumsaidia kwa nguvu zenu zote. Asipoweza, msimzomee, mwambieni aketi, na simameni ninyi mlitafute jibu, maana wazee wa kesho mtakuwa ninyi.